Sifuri Tatu za Kwacha na Mtego wa MAGAZIJUTO

Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilianza kutumia kwacha mpya, na kila kwacha 1,000 za zamani zikawa 1. Huko Tunduma, mji wa Tanzania unaotazamana na Nakonde ya Zambia na kufanya biashara kwa fedha za nchi mbili, hiyo ilikuwa hesabu ya kila siku. Njia ya mkato ilikuwa nyepesi: futa sifuri tatu. Kwa 50,000 inaleta 50, sawasawa. Kwa 12,500 inakwama, maana sifuri za mwisho ni mbili tu. Anayejua kwamba hapa tunagawanya kwa 1,000, na kila tarakimu inashuka nafasi tatu, ataandika 12.50 bila kusita: kwacha 12 na ngwee 50. Aliyekariri kufuta hana sifuri ya tatu ya kufuta.

Shuleni mtego kama huo umo ndani ya MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo lina mdundo, halisahauliki, na likifuatwa herufi kwa herufi linapotosha. Chukua 10 − 4 + 3. Duka lenye magunia 10 ya mchele likiuza 4 kisha likapokea 3, linabaki na 9. Mwanafunzi mtiifu anayejumlisha kwanza anapata 7, anaitoa kwenye 10, anabakiwa na 3. Alama ya kutoa ilikuwa ya 4 peke yake. Yeye ameibebesha na lile 3 lililoingia dukani. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto. Ajabu ni kwamba kutanguliza GA kabla ya ZI hakudhuru: 6 × 8 ÷ 4 ni 12 hata ukianza na kugawanya. Pengine ndiyo sababu JUTO nayo huaminiwa bila kuulizwa. Na kwa nini kuzidisha kunatangulia kujumlisha? Ni makubaliano ya uandishi, lakini yana mantiki: katika 5 + 3 × 2, sehemu ya 3 × 2 ni kifupi cha 2 + 2 + 2. Ukianza na 5 + 3, mafungu matatu ya mbilimbili yamegeuka manane.

Mwaka 2022 karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu hisabati ya kidato cha nne nchini Tanzania. Sababu ni nyingi, uhaba wa walimu ukiwamo, na si haki kuutwisha ukariri mzigo wote. Jedwali la kuzidisha lenyewe likaririwe. Hakuna anayetaka mtoto atafute 7 × 8 kwa vijiti. Wapo walimu watakaosema darasa limefurika, muda hautoshi, na mtihani hauulizi “kwa nini”. Ni kweli hauulizi, lakini unauliza 10 − 4 + 3. Hoja ya muda ni nzito zaidi, ila kanuni isiyo na sababu hufundishwa upya kila mwaka, na muda huo nao unahesabika. Mwaka 1976 Richard Skemp, mwalimu na mwanasaikolojia wa Uingereza, alikiri wazi kwamba kukariri huleta majibu haraka. Alichokitilia shaka ni uwezo wa mwanafunzi aliyekariri mbele ya swali lililobadilishwa kidogo. Kwa mtoto wa Songwe, mkoa ilipo Tunduma, mabadiliko huja makubwa: akiingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, MAGAZIJUTO inakuwa BODMAS, na kama hana sababu ya kanuni anaanza kukariri upya, mtego wa kujumlisha kabla ya kutoa ukimsubiri humo humo.