Kicheko Kisichohitaji Mkalimani

Gari la sinema lilipofika Homa Bay nikiwa mtoto, tulionyeshwa Charlie Chaplin. Nyanya yangu, asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, alicheka hadi akazishika mbavu. Sauti iliingia katika filamu mwaka 1927, lakini Chaplin alipoimba hatimaye katika Modern Times ya 1936, aliimba maneno yasiyo ya lugha yoyote. Kisa kilisimuliwa na mwili.

Juzi mjini Migori, mchekeshaji wa runinga aliiga lafudhi ya Wakuria. Nilicheka nami, hadi nilipowaona Wakuria wawili wa meza ya pili wameinamia chai yao. Uchekeshaji wa namna hiyo ni uvivu.

Utanitajia, msomaji, marehemu Mzee Ojwang', Mkikuyu aliyeiga lafudhi yetu katika Vitimbi. Kweli. Lakini Benson Wanjau alichekesha kwa mwendo wake kabla hajatamka neno, nasi Wajaluo tukacheka kuliko wote.