Kocha aliyeshinda mechi 489 bila wachezaji kuangushana mazoezini

KATIKA futiboli ya Kimarekani, mchezo unaofanana na raga lakini wachezaji wake huvaa kofia ngumu, kuangushana ndiyo kazi yenyewe. Makocha wengi waliamini kwamba asiyegongwa mazoezini hawezi kuwa tayari kwa mechi. John Gagliardi alikataa. Alipostaafu, hakuna kocha wa vyuo nchini Marekani aliyekuwa ameshinda mechi nyingi kuliko yeye.

Gagliardi alizaliwa mwaka 1926 mjini Trinidad, jimbo la Colorado. Alianza ukocha mwaka 1943 akiwa na miaka 16, baada ya kocha wa sekondari yake kuitwa vitani. Kijana huyo, ambaye bado alikuwa mchezaji, aliyafuta mazoezi ambayo yeye na wenzake waliyachukia. Timu ikashinda.

Mwaka 1949 alichukuliwa na Chuo cha Carroll, Montana. Mwaka 1953 akahamia Saint John's, chuo kikuu kilichoanzishwa na watawa Wabenedikto huko Minnesota, akakaa hapo hadi mwaka 2012.

Saint John's hucheza daraja la tatu, ambako ni marufuku kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Gagliardi hakumwacha mtu nje: kila aliyetaka kucheza alipokewa, hata kikosi kikazidi watu 150. Hakupuliza filimbi. Hakutaka kuitwa kocha. Vijana walimwita John. Mazoezi hayakuzidi dakika 90, na hakuna aliyeruhusiwa kumwangusha mwenzake. Muda uliookolewa ulitumika kurudia mbinu mpaka kila mmoja ajue akimbilie wapi. Siku ya mechi, vijana waliingia uwanjani wakiwa wazima.

Matokeo yalimtetea. Alitwaa mataji manne ya taifa: 1963, 1965, 1976 na 2003. Novemba 2003 alipata ushindi wa 409 na kumpita Eddie Robinson wa Grambling State. Alimaliza na ushindi 489, vipigo 138 na sare 11.

Sayansi nayo ilifuata. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba kati ya bongo 111 za waliokuwa wachezaji wa ligi kuu ya NFL, 110 zilikuwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari na wasiwasi, hivyo haziwakilishi wachezaji wote. Hata hivyo, onyo lilisikika.

Dartmouth ilikuwa imeacha kuangushana mazoezini tangu 2010. Mwaka 2016, makocha wa vyuo vyote vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, walikubaliana kufuata njia hiyo wakati wa msimu.

Gagliardi alifariki dunia Oktoba 2018, akiwa na miaka 91. Kilichoonekana kituko katika chuo kidogo sasa ni kanuni katika vyuo vyenye majina makubwa.