Kobalti katika Maji ya Lualaba: Chakula na Sumu ya Vijiumbe

Mwamba unaposagika na metali zake zikaingia majini, viumbe vinavyotangulia kuguswa ni vijiumbe, yaani viumbe hai vidogo mno visivyoonekana bila hadubini, wakiwemo bakteria na mimea ya chembe moja inayoelea majini iitwayo fitoplanktoni. Katika bahari za ncha za dunia kazi ya kusaga hufanywa na mito ya barafu, ambayo huteleza polepole juu ya mwamba, huuparuza, na inapoyeyuka humwaga baharini unga laini wenye chuma. Huko Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015, kazi hiyohiyo hufanywa na baruti, mitambo na sururu za wachimbaji wadogo. Matokeo kwa vijiumbe hata hivyo hayafanani hata kidogo, na sababu ya kutofautiana huko huonekana vizuri zaidi pale inapofuatwa safari ya metali moja tu, ambayo ni kobalti.

Bahari inayozunguka Antaktika ina naitreti na fosfeti tele, virutubisho ambavyo kwingineko huamua wingi wa mimea ya baharini, lakini fitoplanktoni wake hubaki wachache kwa sababu chuma ni haba mno, jambo ambalo mwanasayansi wa bahari wa Marekani, John Martin, alilitetea kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980 huku wengi wakimpinga. Ndiyo maana barafu inapoyeyuka na kuleta chuma, kama inavyotokea katika Bahari ya Amundsen mbele ya mito ya barafu ya Pine Island na Thwaites, maji hugeuka kijani wakati wa kiangazi cha huko. Chuma peke yake, hata hivyo, hakitoshi daima. Majaribio yaliyofanywa katika Bahari ya Ross, na kuchapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba fitoplanktoni waliopewa chuma pamoja na vitamini B12 walistawi kuliko waliopewa chuma tu. Vitamini hiyo, ambayo umbo lake lilifumbuliwa na Dorothy Hodgkin wa Uingereza katika miaka ya 1950, hubeba atomu moja ya kobalti katikati ya kila molekuli, na hakuna mmea wala mnyama awezaye kuitengeneza: kazi hiyo ni ya bakteria na jamaa zao waitwao arkea peke yao. Maji ya bahari yana nanogramu chache tu za kobalti kwa lita, nanogramu ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, na bakteria wa ncha ya kusini huiokota kidogokidogo, wakatengeneza vitamini ambayo majirani zao wanaihitaji ili waishi.

Katika ukanda wa shaba wa Lualaba hesabu hiyo hupinduka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka kati ya Kolwezi na Fungurume, ambako mawe yenye gramu kadhaa za kobalti kwa kila kilo si ajabu. Karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo hewa na maji ya mvua vimeubadilisha mwamba kwa muda mrefu, shaba hupatikana katika malakiti ya kijani na kobalti katika heterojeniti, jiwe jeusi ambalo mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo walilikuta chini ya nyumba zao wenyewe wakaanza kuchimba uani. Chini zaidi, kama katika mgodi wa Kamoto, metali hizo zimefungamana na salfa na kuwa salfidi, mfano karoliti, ambayo ina shaba na kobalti kwa pamoja. Bakteria wa udongo wa Kolwezi kwa hiyo hana haja ya kuokota kobalti. Shida yake ni namna ya kuizuia isimwue.

Kobalti huua kwa kufanana na vitu vyenye manufaa. Chembe hai huwa na milango ya kupitishia magnesi na chuma, na kobalti ikizidi nje hupenya kwa milango hiyohiyo, kisha ikakaa katika protini mahali palipowekwa kwa ajili ya chuma, hasa katika vifundo vidogo vya chuma na salfa ambavyo vimeng'enya vingi, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini, huvitegemea. Shaba nayo hushambulia vifundo hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi, na katika maji ya migodi ya Katanga metali hizi mbili mara nyingi husafiri pamoja.

Jibu la bakteria linalojulikana vizuri zaidi liligunduliwa kwanza Ubelgiji, katika nchi iliyoitawala Katanga na kufaidi shaba yake kupitia kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka 1976 watafiti walimpata, katika bwawa la maji machafu la kiwanda cha zinki huko Engis, bakteria ambaye leo huitwa Cupriavidus metallidurans, anayeweza kustahimili kobalti, zinki na kadimi kwa viwango vinavyoangamiza bakteria wa kawaida. Jamaa zake wa karibu walipatikana baadaye katika maeneo mengine yaliyochafuliwa na metali, yakiwemo yale ya Likasi, mji mwingine wa shaba ulio mashariki ya Kolwezi. Siri yao ni protini zilizojipanga kuvuka tando zote mbili za chembe, ambazo hunasa kobalti iliyokwisha kuingia na kuisukuma nje, kama pampu za Kamoto zinavyotoa maji shimoni bila kupumzika ili mgodi usizame. Kazi hiyo hugharimu nishati nyingi, na kwa sababu hiyo jeni za pampu huamshwa pale tu chembe inapohisi metali. Jeni hizo zimebebwa kwenye plasmidi, vipande vya DNA vilivyojitenga na ile kubwa, ambavyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine. Ustahimilivu huo kwa hiyo hauhitaji kungoja vizazi vingi vya urithi, kwani jirani humpa jirani.

Kuna pia bakteria ambao, badala ya kujikinga na metali, huifungua wao wenyewe kutoka kwenye jiwe. Acidithiobacillus ferrooxidans, aliyetambuliwa mwaka 1947 katika maji ya asidi ya migodi ya makaa ya mawe nchini Marekani, hupata nishati yake kwa kuoksidisha chuma na salfa, na mabaki ya mlo wake ni asidi ya salfuriki. Afrika Mashariki inao mfano wake kamili huko Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliacha nyuma lundo kubwa la piriti, yaani salfidi ya chuma, lenye zaidi ya asilimia moja ya kobalti. Mvua na bakteria wakaligeuza kuwa chemchemi ya asidi iliyounguza mimea hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt iliwachukua bakteria wa aina hiyo, ikawaweka katika matangi yenye hewa na joto la nyuzi 40 na kidogo, ikawaacha wale piriti ileile huku kobalti ikikusanywa. Ni nadra kwa uchafu na dawa yake kuwa kiumbe kimoja.

Kolwezi haikupata mito myekundu ya asidi kama ya Kasese au ya Rio Tinto nchini Hispania, na sifa kwa hilo inastahili kupewa dolomiti, mwamba wa karbonati ya kalsi na magnesi uliofungamana na tabaka za shaba za Katanga, ambao huizimua asidi kabla haijaenda mbali. Lakini dolomiti haitendi haki sawa kwa metali zote. Asidi inapopungua, shaba huganda na kutua mapema, wakati kobalti huendelea kuyeyuka hadi maji yawe na ualkali zaidi, hivyo maji yanaweza kuonekana safi na yakawa bado yameibeba. Mvua za kwanza za msimu husafisha chumvi zilizojikusanya juu ya malundo wakati wa kiangazi, zikaziingiza kwa pamoja katika mito ya Luilu na Musonoi kuelekea mto Lualaba, na vijiumbe hupokea kwa siku chache kipimo ambacho wastani wa mwaka haukionyeshi. Binadamu hawako nje ya mkondo huo: uchunguzi ulioongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven nchini Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti nyingi kupita kawaida katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga.

Kobalti iliyoponyoka dolomiti huweza kukamatwa katika dembo, bonde tambarare lenye maji na majani marefu, na katika matope ya chini ya mabwawa, ambako hewa haifiki. Humo huishi bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni, na salfeti ni kitu ambacho maji ya migodi hayakosi. Hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama yai viza, ambayo huungana na shaba na kobalti zikageuka tena kuwa salfidi ngumu, karibu na hali ziliyokuwa nayo mwambani kabla ya kuchimbwa. Metali zikishafungwa hivyo hutulia kwa muda wote ambao matope yatabaki yameloa na kukosa hewa. Mabaki ya madini kutoka mitamboni yaliyotupwa katika bonde la Musonoi kwa miongo mingi ya karne ya 20 sasa yana thamani, na yanafukuliwa na kusafishwa upya kwa ajili ya kobalti iliyosalia. Popote tope la namna hiyo linapofukuliwa na salfidi zake zikaanikwa juani, zamu hurudi kwa wale wanaokula chuma na salfa, na asidi na kobalti huanza tena safari ya kuelekea mtoni pamoja na mvua inayofuata.