Popo si Ndege

Shuleni twafundishwa kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika makundi matano: samaki, jamii ya vyura, watambaao kama nyoka na kobe, ndege, na wanyonyeshao. Je, popo yumo kundi gani? Huruka, lakini hana mdomo wa ndege wala hatagi mayai. Mwili wake una nywele. Huzaa na kunyonyesha. Bawa lake ni mkono wenye vidole virefu vilivyounganishwa kwa ngozi. Basi ni jamaa ya mbuzi kuliko kunguru.

Wazazi, wakatazeni watoto kumpiga mawe. Popo wengine hula wadudu usiku. Wengine hupeleka chavua katika maua ya mbuyu, mti ukazaa. Ila wasimshike, maana aweza kuuma na kuambukiza maradhi. Mungu hakuumba kitu bure.