Rashidi Yekini: mabao yake na safari zake katika nchi saba

Walio wakubwa kati yenu wanalikumbuka jina hili, tena pengine kwa uchungu. Mwaka 1992, huko Senegal, timu ya nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule, ilifika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Nigeria wakatushinda kwa bao moja bila jibu, na mfungaji alikuwa Rashidi Yekini. Miaka miwili ikapita, tukakutana nao tena huko Tunisia, katika hatua ile ile. Safari hii walitufunga mabao mawili, na yote mawili aliyafunga Yekini. Sisi tunaoandika tulikuwa wadogo mno siku zile, lakini tulikua tukiwasikia baba zetu wakilitaja jina lake kama watu wanavyolitaja jina la mdai. Mwezi wa Novemba 2025, huko Rabat, Leopards walipowatoa Wanigeria kwa penalti katika kuwania Kombe la Dunia, wazee wengine walisema kwamba deni limelipwa. Haya, tuyaache hayo.

Leo tunataka kuwaeleza mtu huyu alikuwa nani, kwa sababu vijana wengi wa shule zetu huota kwenda Ulaya kucheza mpira. Wameiona picha ya bao. Miaka iliyotangulia bao, na ile iliyolifuata, hawajaiona.

Yekini alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1963 katika mji wa Kaduna, kaskazini ya Nigeria. Wazee wake walikuwa watu wa Ira, katika jimbo la Kwara, lakini Kaduna ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, nao uliwavuta watu kutoka pande zote. Timu yake ya kwanza ilikuwa ya kiwanda kimojawapo, kiitwacho UNTL. Watu wa Lubumbashi hawatashangaa: Saint-Éloi Lupopo nayo ilizaliwa kati ya wafanyakazi wa reli. Kutoka hapo alishuka Ibadan, akaingia Shooting Stars, ambao mwaka 1984 walifika mchezo wa mwisho wa kombe la mabingwa wa Afrika, wakashindwa na Zamalek ya Misri. Kisha alikwenda Abeokuta kuchezea Abiola Babes, timu ya tajiri Moshood Abiola. Mwaka 1987 akavuka mipaka kwa mara ya kwanza, akaenda Abidjan, katika Côte d'Ivoire, kuichezea Africa Sports.

Alipofika Ulaya, mwaka 1990, alikuwa karibu kutimiza miaka 27. Angalieni umri huo. Leo mtoto wa miaka 18 ambaye hajaitwa na timu yo yote hujiona amechelewa.

Tena hakuitwa na timu kubwa. Aliitwa na Vitória ya Setúbal, katika Ureno. Setúbal ni mji wa bandari, kusini ya Lisbon, mahali mto Sado unapoingia baharini. Kwa miaka mingi watu wake waliishi kwa kuvua samaki na kutia sardini katika mikebe. Mwaka wa kwanza wa Yekini haukuisha vizuri: timu ilishuka daraja la pili. Mchezaji mwingine angefunga mizigo yake siku ile ile. Yeye alibaki, akacheza miaka miwili katika viwanja vidogo ambavyo magazeti ya Afrika hayakuvitazama kamwe. Katika msimu wa 1992–93 alifunga mabao 34, na Vitória ikapanda tena. Msimu uliofuata, katika daraja la kwanza, alifunga mabao 21, akawapita wafungaji wote wa nchi ile, nchi iliyokwisha kumwona Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Ndipo alipochaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa mwaka 1993. Hakuna Mnigeria aliyepata heshima hiyo kabla yake.

Alichezaje? Alikuwa mtu mkubwa, urefu wake karibu mita 1.90, mwenye mabega mapana na shuti kali. Hakuwa na michezo mingi ya miguu. Hakuwazungusha walinzi ili watu wacheke. Kazi yake ilikuwa kungoja, kuona nafasi kati ya walinzi wawili, na kuiingia upesi kabla haijafungwa. Mshambuliaji wa namna hii hula kwa mikono ya wengine. Ni lazima awepo mtu pembeni anayejua atakimbilia wapi, tena anayejua kabla hajaanza kukimbia. Maarifa hayo hayapatikani kwa wiki mbili za mazoezi. Katika Setúbal walimjua hivyo, kwa kuwa walikuwa wameshuka naye na kupanda naye.

Twafika sasa mwaka 1994, mwaka wa mavuno yake. Nigeria ilikuwa imeshindwa katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Afrika mara tatu, mwaka 1984, 1988 na 1990. Mwezi wa Aprili 1994, katika mji wa Tunis, waliishinda Zambia kwa mabao mawili kwa moja. Wazambia hao walistahili heshima kuu, maana timu yao ilikuwa imekufa karibu yote katika ajali ya ndege mwaka mmoja kabla, katika bahari ya Gabon. Mabao ya siku ile yalifungwa na Emmanuel Amuneke, lakini katika mashindano yote Yekini ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa mabao yake matano. Mawili kati ya hayo twayajua vizuri sana.

Kisha Nigeria ikaenda Marekani, katika Kombe lake la Dunia la kwanza. Sisi wa Kongo tunaweza kufahamu kuliko wengine uzito wa jambo hilo. Mwaka 1974 Zaire ilikwenda Ujerumani, ikacheza michezo mitatu na Scotland, Yugoslavia na Brazili, ikafungwa mabao 14, ikarudi bila kufunga hata moja. Taifa likiingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, hutafuta bao moja kwanza, ushindi baadaye.

Tarehe 21 Juni 1994, mjini Dallas, Nigeria ilicheza na Bulgaria. Katika dakika ya 21, Finidi George aliupeleka mpira toka upande wa kuume, ukapita mbele ya goli, na Yekini akausukuma ndani kutoka karibu kabisa. Bao lenyewe lilikuwa rahisi, hata mwanafunzi wa darasa la tano angelifunga. Lakini jambo lililofuata ndilo lililobaki machoni pa watu. Hakukimbilia wenzake, wala hakuruka. Aliingia ndani ya goli, akapenyeza mikono yake katika nyavu, akazishika, akazitikisa, huku akilia na kupaza sauti kuelekea mbinguni. Mtu mzima wa miaka 30, mwenye nguvu kama mchukuzi wa bandarini, analia ndani ya nyavu kama mtu aliyeshika vyuma vya dirisha. Tumeitazama picha hiyo mara nyingi. Wengine husema ni furaha. Sisi twaona ndani yake pia Kaduna, na Abidjan, na viwanja vile vya daraja la pili.

Nigeria ilishinda siku ile kwa mabao matatu, lakini Waitalia waliwatoa katika hatua ya pili, baada ya dakika za nyongeza. Yekini hakufunga bao jingine katika mashindano yale.

Baada ya hapo ndipo safari zilipoanza kweli kweli. Olympiacos ya Ugiriki wakamchukua, timu kubwa kuliko Vitória, yenye fedha zaidi. Aliumia; tena iliandikwa kwamba hakupatana na wenzake. Alicheza michezo michache tu. Mwaka 1995 akahamia Gijón, kaskazini ya Hispania, na huko nako mabao yalikuwa haba.

Hapa yatupasa kueleza desturi ya kazi hii, maana vijana hawaambiwi. Siku zile, katika nchi nyingi za Ulaya, timu haikuruhusiwa kuweka uwanjani ila wageni wachache, mara nyingi watatu. Kwa hiyo Mwafrika aliyechukua nafasi moja kati ya hizo alipaswa kuzaa matunda upesi. Mwenyeji aliyekosa mabao kwa miezi miwili alivumiliwa. Mgeni alitafutiwa wa kumrithi. Kisha, tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji kutoka Liège. Tangu hapo raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawakuhesabiwa tena kuwa wageni katika nchi wenzake. Mfaransa au Mholanzi aliweza kucheza Hispania kama nyumbani. Mnigeria alibaki mgeni, na sasa waliomshindania nafasi walikuwa wengi kupita kwanza. Yekini alikuwa Gijón wakati huo, amekwisha kupita miaka 32.

Je, alikosa kuondoka Setúbal? Wapo wasemao hivyo. Sisi hatuthubutu. Miguu ndiyo shamba la mchezaji, na shamba hilo lina mvua za miaka kumi na mitano hivi. Baba gani wa familia, mwenye miaka 30, angekataa mshahara mkubwa zaidi kwa sababu tu wenzake wa sasa wanamfahamu? Hata hivyo, kile alichokuwa nacho katika Setúbal hakikuandikwa katika mkataba wo wote, wala hakikuweza kupakiwa katika sanduku. Mwaka 1997 alirudi kule kule kwa miezi michache. Mji ulikuwa ule ule, lakini mabao ya zamani hayakurudi.

Akaenda Zürich, katika Uswisi, ambako alipata tena nguvu, hata akaitwa katika Kombe la Dunia la 1998, Ufaransa. Kisha Bizerte, katika Tunisia. Kisha Riyadh, katika Arabia ya Saudia. Kisha Abidjan tena. Ni ajabu jinsi alivyoangukia miji ya bandari: Abidjan, Setúbal, Piraeus ya Olympiacos, Gijón, Bizerte. Mahali po pote watu walisema lugha nyingine, na kila mara ilimbidi aanze upya kuwafundisha wenzake wampe mpira wapi. Naye kwa tabia hakuwa msemaji.

Mwishowe alirudi Nigeria, akachezea Julius Berger ya Lagos. Mwaka 2005, akiwa na miaka 41, alivaa tena viatu kwa ajili ya timu ya Gateway, katika Abeokuta, mji ule ule alikokuwa kijana wa Abiola. Walinzi waliomkaba walikuwa watoto wachanga alipokuwa akipanda ndege kwenda Ureno.

Alikaa Ibadan, peke yake, akiwakwepa watu. Magazeti yaliandika juu ya ugonjwa wa akili, na kwamba jamaa zake walimchukua ili atibiwe. Majirani na wengine walibishana nao juu ya jambo hilo, na si kazi yetu kuwahukumu watu waliofiwa. Alikufa tarehe 4 Mei 2012, mwenye miaka 48. Alikuwa ameifungia Nigeria mabao 37, na siku ile hapakuwa na Mnigeria mwingine aliyefikia hesabu hiyo. Walimzika Ira, kijiji cha wazee wake.