Ndorobo, Ng'ombe na Mtu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya kufungua redio, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne: ndorobo, malale, kimelea, hadubini.

Leo twataka kuzungumza juu ya mdudu ambaye watu wa Biharamulo na Ngara hawana haja ya kuonyeshwa picha yake. Ni ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o. Anampita kidogo kwa ukubwa inzi wa nyumbani, na akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Huuma mchana. Huuma hata kupitia shati, na hupenda kufuata kitu kinachokwenda, kama ng'ombe wanaoswagwa njiani.

Uchungu wa kuumwa ni wa kitambo tu. Jambo kubwa ni kile anachokiacha. Katika mate yake huenda mkawamo kimelea. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kula ndani ya kiumbe kingine au juu yake, kama minyoo tumboni au kupe ngozini. Lakini hiki cha ndorobo ni kidogo mno, hata jicho haliwezi kukiona. Lazima kitafutwe kwa hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuza vitu. Hapo huonekana kikijinyonganyonga katika damu mfano wa nyoka mdogo majini.

Ng'ombe mwenye ugonjwa huu, unaoitwa nagana, hukonda, manyoya yake husimama, mimba hutoka, na mara nyingi mwisho wake ni kufa. Kwa mtu ugonjwa huitwa malale. Kwanza huja homa na kuumwa kichwa. Baadaye vimelea huingia katika ubongo, ndipo mgonjwa husinzia mchana na kukosa usingizi usiku, hata akili yake hubadilika. Asipotibiwa hufa, na malale ya upande wetu huu huua kwa upesi, katika majuma au miezi michache.

Sasa swali. Je, kimelea cha ng'ombe na kimelea cha mtu ni kimoja? Mfugaji aweza kuliuliza swali hilo kwa maneno machache, lakini wataalamu walilihangaikia zaidi ya miaka 60.

Daktari David Bruce alikuwa katika nchi ya Wazulu, Afrika ya Kusini, mwaka 1895, alipoona vimelea katika damu ya ng'ombe wenye nagana. Akagundua kwamba mchukuzi wake ni ndorobo, tena kwamba wanyama wa porini wanavyo vimelea hivyo bila kuonekana wagonjwa. Miaka michache baadaye malale yalizuka Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, yakaua watu zaidi ya 200,000. Bruce alipelekwa Entebbe mwaka 1903, akaonyesha kwamba huko nako mwenye kosa ni ndorobo. Na mwaka 1909, upande wa mashariki wa Ziwa hilo hilo, daktari Mjerumani Friedrich Kleine alionyesha kwamba kimelea hakibebwi tu mdomoni kama uchafu. Hukua ndani ya ndorobo kwa siku nyingi kabla hajaweza kukipitisha kwa mwingine.

Ugumu ulikuwa hapa. Ukiweka chini ya hadubini damu ya ng'ombe na damu ya mtu wa malale, yumkini utaona vimelea vya sura moja kabisa. Wengine wakasema ni kitu kimoja. Wengine wakakataa, na Mjerumani Max Taute akawa shupavu hata akajidunga mwenyewe damu ya mnyama yenye vimelea. Hakuugua. Je, mabishano yakaisha? Hata kidogo.

Tuje nyumbani. Ninyi mnaosafiri kwa basi kutoka Ngara kupitia Kahama kwenda Nzega, hupita Tinde, katika Shinyanga. Hapo palifanywa jaribio refu la subira kubwa. Mwaka 1934 madaktari walichukua kimelea kutoka kwa mgonjwa wa malale, wakakipitisha kwa kondoo na swala, kila mara kwa kuumwa na ndorobo, mwaka baada ya mwaka. Kila baada ya muda walijaribu kama bado chaweza kumshika mtu, na watu waliojitolea wakakubali kuumwa, kisha wakatibiwa. Habari za miaka 18 ya jaribio hilo zilitolewa mwaka 1955: kimelea kilikaa kwa wanyama miaka yote hiyo, na bado kiliweza kumwuguza mtu. Sifa wamepewa madaktari. Mimi huwafikiria zaidi wale waliotoa mkono uumwe.

Hata hivyo, hilo lilikuwa la kutengenezwa na watu. Je, porini? Mwaka 1958, katika Nyanza, Kenya, kimelea cha malale kilipatikana katika damu ya pongo, yule swala wa vichakani ambaye wengine humwita mbawala. Mwaka 1966, katika Nyanza hiyo hiyo, mahali paitwapo Alego, R. J. Onyango na wenzake walikipata katika ng'ombe wa kufugwa. Basi ilijulikana kwamba malale yaweza kukaa zizini.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wengi hukosea. Ng'ombe hupata vimelea vya aina kadhaa. Vile vinavyomkondesha na kumwua zaidi havimdhuru mtu. Kile kinachomwua mtu, mara nyingi humwacha ng'ombe akionekana mzima, ananenepa, anauzika. Kwa hiyo kumtazama ng'ombe kwa macho hakutoshi. Tena si kwa kula nyama iliyopikwa wala kunywa maziwa yaliyochemshwa mtu apatavyo malale. Ni ndorobo anayemwuma ng'ombe, kisha, baada ya siku zake, akamwuma mtu.

Sababu ya tofauti hiyo imejulikana siku za karibuni tu. Katika damu ya binadamu mna kitu kinachoua vimelea vya nagana. Ndiyo maana Taute hakuugua. Lakini kimelea cha malale kina ngao yake ya kukizuia kitu hicho, na wataalamu waliitambua ngao hiyo mwaka 1998.

Mwaka huo huo wa 1998 malale yalizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwapo. Wataalamu walipofuata nyayo, waliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa karibu na mnada wa ng'ombe. Ng'ombe wazima kwa macho walikuwa wameletwa kuuzwa kutoka sehemu zenye ugonjwa, nao ndorobo wa huko walikuwa tayari wakiwangoja.

Katika wilaya zetu habari hii ni ya zamani. Sotoka ilipoua ng'ombe magharibi ya Ziwa karibu na mwaka 1890, na njaa na ndui zikafuata, mashamba na malisho yaligeuka vichaka. Wanyama wa porini wakarudi, ndorobo nao nyuma yao. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi katika nchi hizi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba wenyeji wa zamani walikuwa na njia zao za kuishi na ndorobo, na kwamba serikali za kikoloni hazikuzielewa. Katika miaka ya 1930 watu wa Biharamulo walihamishwa wakakaa pamoja, ili pori liwe mbali na nyumba. Yafaa kusema wazi kwamba waliokolewa na malale, lakini waliacha migomba na makaburi ya wazee wao.

Leo pori lingali lipo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nyati, ngiri na pongo wamo, na pembeni wamo wafugaji, warina asali na wakata kuni. Wagonjwa wa malale wanaoandikwa Tanzania kila mwaka siku hizi ni wachache sana. Uchache huo ni jambo la kufurahia, lakini una hatari yake: mganga kijana hospitalini huenda hajamwona mgonjwa wa malale hata mmoja.

Basi mkipata homa baada ya kuingia porini, na kipimo cha malaria kikaonyesha hakuna malaria, msirudi nyumbani kimya. Mwambieni mganga, "Niliumwa na ndorobo." Mwonyesheni jeraha au uvimbe uliotokea mahali pa kuumwa. Kwa hadubini ile ile ya malaria aweza kukiona kimelea katika tone la damu. Zamani dawa ya malale yaliyofika ubongoni ilikuwa na sumu ya arseniki ndani yake, nayo iliua baadhi ya wagonjwa. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya feksinidazoli.

Na kabla ya kumpeleka ng'ombe mnadani, mwoneni bwana mifugo juu ya sindano ya kuua vimelea na dawa ya kupaka mgongoni ya kuua ndorobo. Nguo nazo zina neno lake: ndorobo huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mchungaji asivae hizo porini.

Redio ikifungwa, mwalimu achore ubaoni ramani ya kijiji: nyumba, mto, malisho, njia ya mnadani na ukingo wa pori. Kila mmoja aje atie alama mahali alipoumwa na ndorobo mwaka huu, na aandike jina la mahali hapo kwa mkono wake.