Mfupa, Nasaba na Vinasaba: Akiolojia kwa Mwanafunzi wa Biolojia ya Binadamu

1.0 Utangulizi



Mwanafunzi wa biolojia ya binadamu hukutana na mfupa ukiwa umekwisha kusafishwa, umepewa namba na kuwekwa juu ya meza ya maabara. Hapo hufundishwa kukadiria jinsi kwa umbo la nyonga, umri kwa meno, na maradhi kwa makovu yaliyosalia. Elimu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, mfupa huo ulitoka mahali fulani, katika tabaka fulani la udongo, na huenda ulilazwa pale na watu waliokuwa na sababu zao. Taaluma inayoshughulikia mambo hayo ni akiolojia. Katika mhadhara huu nakusudia kueleza misingi yake kwa mifano ya pwani ya Afrika Mashariki, kisha nionyeshe ni kwa nini swali la asili ya Waswahili haliwezi kujibiwa na maabara peke yake.

2.0 Mahali pa Mfupa

Msingi wa kwanza wa akiolojia ni matabaka. Kwa kawaida, udongo ulio chini ulitangulia kulala kuliko ulio juu yake. Kaburi huvunja utaratibu huo, kwa kuwa mchimbaji hutoboa matabaka ya kale na kumlaza maiti wa zama zake mwenyewe. Kwa hiyo, mtafiti asiyeona kingo za shimo anaweza kumpa marehemu umri usiokuwa wake.

Mfano bora ni pango la Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Humo yalipatikana mabaki ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, ambaye watafiti walimwita Mtoto. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kutoweza kushikwa. Hivyo basi, bonge zima la udongo lilifunikwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi, na hatimaye kwenye maabara ya Burgos nchini Hispania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: Mtoto alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, na hilo ndilo ziko la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika la binadamu wa aina yetu.

Ilijulikanaje kwamba alizikwa? Udongo uliojaza shimo ulitofautiana na ule uliolizunguka. Mtoto alilazwa kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Jinsi mifupa ya mabega ilivyobanana iliashiria kwamba alizongwa kwa kitu kama sanda. Na jinsi kichwa kilivyoteleza iliashiria kwamba kiliwekewa mto, nao ukaoza. Ikumbukwe kwamba sanda na mto havikuonekana. Vilifahamika kwa sababu tu kila mfupa ulichunguzwa ukiwa pale pale ulipokuwa. Mifupa hiyo hiyo ingalikusanywa mfukoni, tungalibaki na meno ya mtoto mdogo na basi.

Kuhusu umri, kipimo cha kaboni-14 hakifiki mbali hivyo. Mwisho wake ni miaka 50,000 hivi. Umri wa Mtoto ulipatikana kwa kupima chembe za mchanga, ambazo hutunza kumbukumbu ya mara ya mwisho zilipopigwa na jua.

3.0 Nasaba na Vinasaba

Sasa tuingie katika suala linalowagusa Waswahili wenyewe. Lugha yetu ilipohitaji istilahi ya kibiolojia ya chembe za urithi, ilichukua neno la kale *nasaba* na kuunda *kinasaba*, wingi *vinasaba*. Uundaji huo ni mzuri, ila umebeba mtego. Nasaba ni masimulizi ya ukoo: nani anakubaliwa kuwa mtoto wa nani, na kwa haki zipi. Vinasaba ni maada iliyomo mwilini. Havilazimiki kusema jambo moja.

Tarikh ya Kilwa na masimulizi ya miji mingi ya pwani yanataja mababu Washirazi kutoka Uajemi. Wanaakiolojia wa katikati ya karne ya 20 waliyachukua masimulizi hayo kwa uzito, na wengine wakaiona miji ya mawe kuwa kazi ya wageni. Uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha picha nyingine: msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, uliojengwa upya mara kadhaa hadi kuwa wa mawe, katika makazi ambamo vigae vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo. Nao wanaisimu, kama Nurse na Hinnebusch mwaka 1993, waliithibitisha nafasi ya Kiswahili miongoni mwa lugha za Kibantu za kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kutoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa kike. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ilitokana na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000 B.K. Tangu karne ya 16 hivi, mchango wa Asia ulizidi kuwa wa Uarabuni.

Je, masimulizi ya Washirazi yalikuwa kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, nayo iliwakumbuka baba. Mama hawakuandikwa humo. Ila mitokondria, ambazo mtu huzirithi kwa mama pekee, ziliwatunza. Lugha waliyoifundisha watoto wao nayo iliwatunza.

4.0 Mifupa ya Nani?

Lipo swali moja ambalo maabara haiwezi kulijibu: ni nani aliyezikwa pale? Makaburi yaliyochunguzwa kwa sehemu kubwa ni yale ya karibu na misikiti na majengo ya mawe. Yaelekea hao walikuwa watu wenye daraja mjini. Wavuvi, wakulima na watumwa, waliokaa katika nyumba za udongo, ni vigumu kuwaona humo. Kwa hiyo, kusema “vinasaba vya Waswahili” kwa kutegemea makaburi hayo ni kulipa tabaka moja jina la watu wote.

5.0 Hitimisho

Kwa ufupi, mwanafunzi anayepewa mfupa aulize kwanza: ulilala wapi, pamoja na nini, tangu lini, na ni nani ambaye hakuzikwa hapo. Aidha, asikubali maabara iamue nani ni Mswahili. Uswahili ulijengwa kwa lugha, dini, ufundi na ujirani wa karne nyingi, na hayo hayapimwi ndani ya jino. Hata hivyo, jino limewarejesha katika historia mama ambao tarikh ziliwaacha nje. Hilo pekee latosha kuifanya biolojia na akiolojia zihitajiane.